Chaza wa Madam

Khalati Huda,

Assalaam alaykum. Kuna jambo sijamwambia mtu: mama hanusi tena. Tangu ile homa ya Shaabani hasikii harufu yoyote, na anadhani sijui.

Huku ughaibuni, Al Twar, tu wazima, na mtihani nimepita. Mama bado anampikia madam wake Mkorea, na chaza huwatayarisha hapa nyumbani. Huwaosha kwa chumvi na figili iliyokunwa, akawachovya kwenye unga na mayai, akawakaanga. Kila asubuhi mimi humtangulia jikoni, nikawanusa na kuwatupa walioharibika.

Jana nilimwacha mmoja aliyeoza, nione. Mama alimkaanga, akamleta puani na kusema, "Mmh! Huyu katoka baharini leo leo."

Nikamnyakua kabla hajamtia kinywani.

"Mlafi wewe!" akacheka. "Hata hajapoa!"

Nilikwenda kumtupa chooni, nikalia huko huko.

Kibali changu kilikuwa cha mwanafunzi, na masomo yamekwisha, kwa hiyo Jumapili narudi Mombasa. Nani atanusa? Madam ana mimba, na chaza ndio anaowatamani. Nikimwambia, khalas, mama atafukuzwa. Nikinyamaza, lolote litakalompata madam na mtoto wake, mimi nitakuwa nilijua. Nimeomba, nimewaza, sioni njia.

Nakusihi, Khalati, hata mama akikupigia simu usimwonyeshe kuwa unajua. Pale jikoni ndipo pekee anapojiona mtu. Libaki kwako.

Mwanao,
Afrah