Mwanawe Aliniuliza Tunafanya Nini, Nikamjibu kwa Kiingereza

Mama mshauri wa redio, mimi ni Mzee Zenon wa Chanji hapa Sumbawanga, shikamoo sikupi maana kwa sauti yako nakuona mtoto mdogo kwangu, lakini nimefikwa na jambo lililonifanya mdogo kuliko wewe, kwa hiyo nisikilize usinikatize.

Mke wangu alifariki zamani. Jirani yangu mama Evodia naye amefiwa na mume, na baridi ya huku kwetu unaijua, basi jioni anatenga chungu cha pombe ya ulezi, anamimina maji ya moto, tunakaa na mirija yetu tunanyonya na kuwasema watu wa parokia mmoja mmoja mpaka wanatuishia, na mrija wangu siku hizi sirudi nao nyumbani, anauchomeka yeye mwenyewe juu ya mlango wa jiko, kando ya wake, na mimi hilo nililiona nikanyamaza maana lilinifurahisha.

Sasa nina mjukuu, Jenifer, yuko kidato cha tatu, ananiita mume wake, akaanza kunitania. "Mume wangu, kila jioni kwa bibi Evodia, mnahengi auti au mnadeti?" Nikamwambia nifundishe hayo, mimi nimesoma hadi darasa la nne, la tano nililichungulia dirishani. Akasema kuhengi auti ni kukaa na washikaji bila shughuli maalumu, kuchili ni hivyo hivyo ila umejiegemeza, kukechi apu ni kukutana na mtu mliyepoteana naye mkaambiana yaliyopita, na kudeti ni pale mnapotakana. Mama, wazungu kukaa tu wamekukatakata kama muwa! Nikacheka mpaka nikakohoa, nikawa nayatumia kila mahali, dukani nahengi auti, kanisani nachili, hadi padri akanitolea macho.

Jumapili iliyopita akaja Flavian, mwana wa Evodia, mwalimu kule Namanyere, akatukuta chunguni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akatazama juu ya mlango wa jiko, pale penye matundu mawili ya kuchomekea mirija yetu, akatazama chungu. "Samahani baba, naomba nikuulize. Wewe na mama yangu, jioni zote hizi, mnafanya nini?"

Mama mshauri, neno la kujibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa zito kama gunia la ulezi, na lile la Jenifer lilikuwa jepesi, likatoka lenyewe. "Aa, tunahengi auti tu, mwanangu."

Flavian hakucheka. Evodia akauliza, "Ndiyo nini hiyo?"

Flavian akamjibu, "Ni kupitisha muda, mama. Kama vijana wanaoshinda stendi."

Evodia akauvuta mrija wangu chunguni, akaufuta na kanga yake taratibu, akanikabidhi. "Basi nenda stendi, mzee Zenon."

Na Flavian kasema akishavuna mahindi yake atamchukua mama yake wakaishi wote Namanyere, na Evodia hajakataa.

Tangu hapo sikai. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui naenda wapi. Nilikwenda Matai kwa ndugu yangu Baltazari, ugali haujaiva nikaaga, akaniuliza unafukuzwa na nani. Stendi nayo nimekwenda kweli, vijana wananiuliza, "Babu, unasubiri gari gani?" na gari sina. Sasa nauliza, nimfuate Flavian nimwambie nilikosea, kumbe tunakechi apu? Au tunachili? Jenifer anasema lipo lingine, kusoshalaizi, refu, la heshima. Lipi litamtuliza mwalimu?

Mimi mzee wako nisiyekalika, Zenon.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Zenon, pole. Ishike vizuri hiyo pole, maana ni moja tu.

Kijana aliyekuja kukufukuza haanzi na shikamoo wala samahani. Flavian alikupa nafasi ya kusema mbele ya mama yake, na wewe ukachungulia ile nafasi kama ulivyochungulia darasa la tano. Na Evodia? Mwanamke anayechomeka mrija wako kando ya wake, mahali ambapo kila mgeni anaona, ameshasema la kwake mbele ya mtaa mzima. Halafu anasikia, mbele ya mwanawe, kwamba alikuwa anakupitishia muda! Ningekuwa mimi, kile chungu ungekivaa.

Katika maelezo yako yote hujasema jambo moja: unamtaka, au unataka pombe? Kama ni pombe, mwambie hivyo, aamue mwenyewe kukuuzia. Lakini mtu wa pombe hatembei hadi Matai akakimbia ugali.

Flavian mwache kwanza, si yeye unayetaka kuishi naye. Nenda kwa Evodia leo, jua likiwa juu, peke yako, na utani uache nyumbani. Mwombe radhi. Kisha mwambie unataka akuoe, samahani, umwoe, umeshanichanganya na mimi, na umwambie kwa Kifipa, lugha ambayo huna pa kujificha ndani yake. Akikubali, usikurupuke kwenda Namanyere. Watume wazee wawili, Baltazari awe mmoja wao, wakazungumze na Flavian kwa adabu, halafu mwende kwa padri pamoja. Akikataa, itikia. Usimtume mjukuu kumbembeleza, usimseme mtaani, mwache aondoke kwa amani, na umbebee mzigo wake mpaka kwenye gari.

Kusoshalaizi mwachie Jenifer kwa mtihani wake.

Bado ni asubuhi, mzee, na huko mashambani watu wameshaanza kuvuna. Ninaweka wimbo mmoja sasa. Ukiisha, nataka uwe mlangoni kwake unabisha hodi.