Nilikiona Kisogo Chako Korogwe

Chanika,
S.L.P. 47,
Handeni.
14 Julai 2025

Mpendwa mwanangu Ukasha,

Marahaba, najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Hujambo huko Mwanza? Kifua kimepona, au bado unalala mbele ya feni? Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti langu linasumbua nikisimama sana, ila si la kukutia wasiwasi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tukianza tu unaitwa kupima spika.

Duka linakwenda vizuri. Soseji zetu za ng'ombe juzi zimeagizwa kwa mahafali ya shule, na nyama ya moshi inaisha kabla ya Alhamisi. Handeni nzima hakuna mwenye achari kama yangu, hilo unalijua. Mdogo wako Ikram ndiye anayechanganya viungo sasa. Mkono wake mzito wa pilipili, wateja wanapiga chafya. Nawaambia watazoea.

Lakini Jumatatu, siku uliyokuwa unatoka kwenye shoo zako na kuingia dukani, bado natoa aproni mbili. Spika ya msikitini nayo inakoroma tangu uondoke. Wazee wananiuliza, "Mama Ukasha, fundi wetu anarudi lini?"

Mjomba wako Mhina ameniambia. Bonaventura, mwenye bendi, anakutaka uwe fundi wake wa sauti moja kwa moja, na wewe unataka kumkatalia kwa ajili ya duka. Nilifurahi, sikufichi. Kila aliyekuja kununua nilimtangazia kwamba mwanangu anarudi.

Sasa nikwambie nililokuficha. Jumapili ile mlipopiga Korogwe mchana, ukasema hutaweza kufika nyumbani, mimi nilipanda basi nikaja. Ulikuwa katikati ya uwanja kwenye meza yako ya vitufe vya sauti, umetazama jukwaa, sisi wote nyuma yako. Mlinzi akanizuia kwenye kamba.

"Mama, hapa haingii mtu."

"Huyo nimemzaa mimi."

"Hata aliyemzaa, mama. Mpaka amalize."

Mwanamke aliyesimama karibu akaniuliza mbona mwanangu hageuki. Nikamwambia yuko kazini. Sauti ya mwimbaji ilikuwa inakwaruza. Ukagusa kitufe kimoja, ikatulia, uwanja mzima ukampigia makofi yeye. Mimi nilikupigia wewe. Masaa matatu nimetazama kisogo chako. Umeinamisha shingo vilevile unavyojaza soseji, ila dukani sijawahi kukuona umetulia namna ile. Basi la mwisho likapiga honi, nikamwachia mlinzi mfuko wa nyama. Ule uliodhani umetoka kwa mjomba ulikuwa wangu.

Kwa hiyo mkubalie Bonaventura. Duka nitaliendesha na Ikram na pilipili yake. Ukirudi kwa ajili yangu nitakuwa nakutazama hapa dukani huku najua nilichokiona kule, na sitaweza.

Bibi Faudhia anakusalimu, anakutaja kila baada ya swala. Shangazi Hamisa anauliza utaoa lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Mungu akutunze barabarani, wewe na masikio yako. Mkipita tena Korogwe sitakaa nyuma. Nitasimama ubavuni mwa jukwaa, ili ukiinua macho kumtazama mwimbaji, unione na mimi.

Ni mimi mama yako, nisiyechoka kukupenda,
Hajira