Kamanda Aliyehama Meli

Espoir mjukuu wangu,

Hapa Louisville tumeamka salama. Goti la bibi yako limetulia kidogo. Mama yako mdogo amepata zamu ya mchana kule ghalani, basi Jumapili anaimba nasi tena kanisani.

Umeniuliza juu ya vita vya meli za tanga mlivyosoma shuleni, vya hilo ziwa lenu la Erie. Bendera ya kamanda ilisema meli isiachwe. Lakini meli yake ilipovunjwa, alipanda mashua ndogo akahamia nyingine, akashinda. Unataka kujua kama alikuwa mwongo.

Bon, sikiliza. Ujanani nilikuwa mwimbishaji kwenye Ziwa Kivu. Tulifunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, mwimbishaji akikaa katika ule wa katikati, na wote walipiga kasia kwa kufuata sauti yake. Asubuhi moja tukirudi na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, mtumbwi wangu ukapasuka. Mjomba wangu, aliyekuwa katika mtumbwi wa pembeni, akaniita nivukie kwake. Nikakataa kwa kiburi, maana mwimbishaji hahami. Maji yakanifika kiunoni, sauti ikakatika, makasia yakaanza kugongana.

Mjomba akasema, "Wimbo hauko kwenye mbao. Njoo nao huku."

Nikavuka nikiimba. Tulifika wote.

Kamanda wako naye, umeandika mwenyewe, alihama na bendera yake.

Ulipohamia Buffalo na baba yako, nilidhani tangu siku hiyo utanijibu kwa Kiingereza tu. Barua yako ina kurasa mbili za Kiswahili. Nimemsomea bibi yako mara tatu.

Babu yako