Aliyewasha Moto wa Barazani

Azaiba, Maskati
2 Februari

Dadangu Muhsina,

Shikamoo, tena shikamoo ya kuinama, maana safari hii nna haja na radhi zako kuliko siku zote. Vipi miguu? Vipi presha? Mwanao Lamya kanambia umeanza kushuka ngazi mwenyewe bila ya kushikwa. Nikafurahi, halafu nikaogopa, kwani ngazi za nyumba ile ya Malindi nazijua. Sie huku tu wazima, alhamdulillahi. Na mjukuu wangu Hadeel, ambaye najua ndiye utakayemuuliza mwanzo, ni mzima khasa. Jana kala sahani mbili za wali kwa samaki, kisha akamfukuza paka mpaka nje ya geti.

Barua hii nampa Taghreed, binti wa jirani yetu, anakuja Unguja Alkhamisi. Sikutaka kukupigia simu. Simu yako huiweka sauti juu na ukoo mzima husikia, na haya nataka uyasome kwanza peke yako, umekaa kitako, mlango umeufunga.

Nna hasira, Da Muhsina. Nna hasira wiki ya tatu hii na hazijapoa. Ngoja nianze na baraza.

Mwaka jana mwanangu Humam aliuezeka ua wa nyuma, akaweka vigae chini, makochi ya nje, na pazia nene za plastiki, zile unaona upande wa pili, za kuteremsha zikazuia vumbi na upepo. Nikasema sawa, baraza ni baraza. Disemba akaja na mashine mbili za gesi za kupashia moto, ndefu kuliko mtu, zimevaa kofia ya bati na mtungi zimeuficha tumboni. Wenyewe wanaziita dafaya. Mashine za moto, Maskati! Mji ambao mwezi wa sita ukimwaga maji uani yanakauka hujageuka. Miezi minane tunajifungia ndani na viyoyozi kama nyama kwenye friza, leo kimeshuka kiupepo cha Januari kutoka milimani, basi watu wazima na ndevu zao wanakaa nje wakiokwa kama mikate.

Hayo niliyasema mbele ya wageni. Ndugu zake Bashayer, mke wa Humam, walikuja kula mishikaki, wamejipanga chini ya moto ule wanausifu. Mie nimejifunga shali langu, nimekaa mbali karibu na mlango, nikaapa wallahi sitokaa chini ya kitu kile hata dakika moja. Watu wakacheka. Tangu siku ile ikawa ndiyo mzaha wa nyumba, kwamba Mama na dafaya hawaivi chungu kimoja.

Mwengine ambaye hakuzipenda ni Maureen. Ni yule Mkenya wa Nyahururu anayetufanyia kazi, mwaka wa tatu sasa, umewahi kumsikia akicheka nyuma ya simu. Bashayer ni mtu wa Nizwa, Kiswahili hakijui. Humam anarudi magharibi. Kwa hivyo mchana kutwa mtu wa kusema nae lugha yangu ni Maureen. Tunagombana mpaka raha: mie nikitaka tungule yeye ananambia hizi ni nyanya, nikimwambia nyanya kwenu si ndiyo bibi, anacheka mpaka anaweka kisu chini.

Kwao kuna baridi ya kweli, ya kutoa moshi mdomoni. Siku ya mwanzo mashine zilipofungwa alimwambia Humam, kwa adabu, nami nasikia: "Boss, hizi pazia msizishushe zote moto ukiwaka. Kwetu watu hulala na jiko la makaa nyumba imefungwa, asubuhi wanapatikana wamekufa." Humam akamjibu kuwa hii ni gesi si makaa, na aliyemuuzia kamhakikishia kuwa ni salama. Maureen akasema sawa, akaenda zake jikoni.

Sasa Ijumaa ile. Mvua ilinyesha tangu alfajiri na upepo ulikuwa wa kukata. Humam na Bashayer walikwenda Mawaleh kumtazama mamake Bashayer, alikuwa na homa. Nyumbani tulibaki mie, Hadeel, na Maureen aliyekuwa juu anapiga pasi. Kiasi saa nne Maureen akateremka, akachungulia barazani. Pazia zote zimeshushwa, dafaya moja inawaka, na Hadeel kalala kwenye kochi, mashavu mekundu, mdomo wazi. Akamwita. Hakuitika. Yule binti aliing'oa pazia kwa mikono yake, kucha mbili zikakatika, akambeba mtoto mpaka uani kwenye mvua, akarudi kufunga gesi, akapiga simu ya dharura. Huku anampepea na kumwita jina lake mpaka mtoto akatapika na kulia.

Hadeel alilazwa siku mbili na barakoa ya oksijeni usoni. Daktari alitueleza kuwa moto ule pahala palipofungwa huila hewa ukatoa sumu isiyo harufu wala rangi. Akasema lau mtoto angechelewa kutolewa robo saa tu, yeye daktari asingekuwa na la kufanya.

Basi sikiliza alivyoshukuriwa huyo aliyemuokoa. Humam na Bashayer walipofika, suala la kwanza lilikuwa nani kawasha. Maureen akasema kaikuta inawaka. Bashayer akauliza kwa Kiarabu, basi nani, paka? Mtoto hana nguvu za kuzungusha swichi ile. Au Mama? Na Mama kila mtu anajua hakisogelei kitu kile. Ikawa ni Maureen. Wakasema katoka nchi ya baridi, kajiwashia apate kujipasha, akamsahau mtoto ndani. Humam akamchukulia simu yake. Akaambiwa asimguse Hadeel, asitoke chumbani ila kwa kazi. Bashayer akazibandua kwenye mlango wa friji picha zote ambazo Hadeel alimchora Maureen, akazitia kwenye pipa la taka mbele ya macho yake. Jumatatu Humam akatangaza kuwa tiketi ya Nairobi imeshakatwa, Jumatano anaondoka.

Mtu aliyewaonya! Mtu aliyewatolea mtoto wao mikononi mwa mauti! Na muuzaji aliyesema ni salama hakuna aliyempigia hata simu. Mezani nawasikia wanasema "hawa watu", "hawa watu hawaaminiki". Dada, mie na wewe tulishuka hapa mwaka wa sabini na tatu na masanduku mawili, kabla hujarudi Unguja kuolewa. Umesahau tulivyoitwa madukani? "Hawa watu wa Zinjibari." Sauti ilikuwa hii hii. Na sasa inatoka kwa mwanangu niliyemnyonyesha.

Najua utauliza, na weye Sayyida, uliyekuwepo nyumbani, ulisema nini?

Sikusema kitu. Siku tano sikusema kitu.

Ni mie, dada. Mie ndiye niliyewasha.

Magoti yangu huniuma kukiwa na unyevu, sikukwambia. Wiki moja baada ya kuapa mbele za watu, asubuhi moja wote wameondoka, nilikwenda barazani kutazama tu. Nikaikumbuka mikono ya Humam ilivyofanya, nikazungusha, nikabonyeza, ikawaka. Joto lile liliniingia mpaka kwenye mifupa. Raha ile sikuipata tangu marehemu mume wangu alipofariki. Nikawa nafanya hivyo karibu kila asubuhi Maureen akiwa juu, kisha nazima, na wakirudi naendelea kuicheka mashine na wanaoipenda. Ijumaa ile upepo ulikuwa unauzima moto, nikateremsha pazia zote. Maneno ya Maureen niliyasikia siku ile, lakini niliona ya makaa hayo. Hadeel akaja na blangeti lake akalala kando yangu. Kichwa kikaanza kunigonga, nikadhani presha, nikaingia ndani kumeza kidonge. Nikajinyoosha kitandani nipumzike kidogo tu. Nilizinduliwa na kilio cha Maureen.

Usije ukasema nilichanganyikiwa. Nilijua tangu dakika ya kwanza. Bashayer aliposema "au Mama?", pale ndipo palipokuwa na mlango, na mie nikauacha ufungwe. Niliona haya. Nikasema nitasema kesho, mtoto akitoka hospitali. Alipotoka nikasema kesho tena. Na mwanangu alikuwa ameshakupigia wewe, ukaniletea ile sauti kwenye simu unalia, unasema utakusanya watu umsomee Halbadiri imwangamize huyo mtumishi mbaya. Nakuomba kwa radhi za wazee wetu, usisome. Ikisomwa kwa aliyemdhuru mtoto kisha akamsingizia mwenziwe, haitokwenda Nyahururu. Itakuja Azaiba, chumba cha kwanza mkono wa kulia.

Jumanne baada ya alasiri niliwaita Humam na Bashayer sebuleni nikawaambia yote, kwa Kiarabu, ili Bashayer asikie kwa masikio yake. Unajua walifanya nini? Humam alinibusu kichwa! Akasema, "Mama, moyo wako laini, lakini usijitwike dhambi za watu." Bashayer akanishika mkono huku analia, akasema Mwenyezi Mungu anilipe kwa huruma yangu. Nimekiri kosa, wananisifu! Mwanamke wa kazi alisema kweli akaitwa muongo, mie niliyekuwa muongo siku tano nasema kweli naitwa mwenye huruma. Hapo, dada, hasira zilinipanda mpaka nikaona giza.

Nikachukua mkongojo wangu nikatoka nje. Wakanifuata wakidhani nakwenda kulia. Pazia ziko juu, upepo unapita. Nikafungua kile kijimlango cha tumboni mwa dafaya, nikafungua gesi, nikabonyeza swichi, nikaihesabia pumzi kumi kama inavyotaka, nikazungusha. Moto ukawaka juu ya kichwa changu. Nikamwambia Humam, "Haya, sema sasa ni huruma."

Alikaa kwenye kochi akiutazama moto. Bashayer alinitazama, akarudi ndani, na siku nne hakunisemesha. Sikumlaumu kwa hilo. Yule ni mama wa mtoto. Nilimlaumu kwa kuchukua siku mbili kumwendea Maureen, na alipomwendea alisema neno moja tu, samahani, kasimama mlangoni.

Mie nilikwenda usiku ule ule. Begi lake limeshafungwa, liko juu ya kitanda. Nikamwambia nilichofanya, akanikatiza. "Najua, Mama." Nikamuuliza anajuaje. Akasema siku ile alipomtoa mtoto aliikuta miwani yangu kwenye meza ya barazani, bado ina joto la moto. Aliitia mfukoni, jioni akaniwekea kando ya kitanda. Ni kweli, niliikuta pale wala sikujiuliza imefikaje. Nikamwambia, Maureen mwanangu, kwa nini hukusema ukajiokoa? Akajibu, "Wangeamini nani, mimi ama wewe? Halafu nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Mtu mzima hasemewi." Kisha akasema, "Lakini ulikawia, Mama."

Humam alimrudishia simu na akamtaka radhi, akamuomba abaki. Maureen akasema amesamehe, ila hapa hakai tena, maana akisikia mtoto anakohoa tu atakuwa anatazama mlango. Alitaka karatasi ya kumruhusu kufanya kazi kwengine. Humam akaitia sahihi. Ameenda Mawaleh kwa rafiki yake Susan, na nasikia keshapata nyumba ya kulea mzee. Mie nilimsindikiza mpaka getini. Aliniinamia nimbusu, nikambusu. Tungule zimejaa jikoni na hakuna wa kugombana nae.

Basi uliowasimulia yale, wasimulie na haya, kwa jina langu, usinifichie.

Juzi Hadeel aliniuliza Maureen yuko wapi. Bashayer alikuwepo, akaacha alichokuwa akifanya, akaningoja. Nikamwambia mtoto kuwa Maureen ameondoka kwa sababu bibi yake alifanya kosa kubwa, akamuacha Maureen ashutumiwe, akanyamaza. Hadeel akaniuliza, "Sasa, Bibi, kwa nini hukusema?" Nimekaa nalo suala hilo siku mbili. Kila jibu ninalolijaribu ni la mtu mzima, na yeye ana miaka sita.

Nisalimie Lamya na watoto wake, na wote wa Malindi wanaonikumbuka kwa wema, hata baada ya kuisikia barua hii. Humam anakuamkia. Bashayer pia anakuamkia, tumeanza kusemezana. Niombee dua, dada, na ukinijibu, nijibu kwa mkono wako hata kama ni mistari miwili na hata kama ni ya kunigombeza.

Mdogo wako,
Sayyida