Umlinde Kule Aliko

Kizuka, Rumonge,
Burundi.
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa Mama Mkubwa Zipora,

Shikamoo. Amahoro. Nakupa salamu zote mbili kwa sababu ukipokea moja tu utasema nusu yako nimeiacha njiani. Habari za Ulyankulu? Kifua chako kikoje wakati huu wa vumbi? Mahindi ya mwaka huu yamekutosha? Na kaburi la Baba, najua hujaacha kulipalilia. Nakushukuru kwa hilo kabla sijaendelea, maana sisi watoto wake hatujashika jembe mahali pale kwa miaka kumi na sita.

Huku sote ni wazima. Mama bado anakamua mawese mwenyewe na kugombana na kila anayetaka kumsaidia. Kaka Boaz amepata mtoto wa pili, wa kike, mwenye paji la uso kama lako. Mama ameliona, akalifunika kwa kofia. Maji ya ziwa yaliyokuwa yameingia mpaka kwenye nyumba za ufukweni yamerudi nyuma kidogo, na watu wameanza kupaka chokaa kuta zilizobaki.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu iliyopo hapa nyumbani ni ya Mama, na kila kinachosemwa humo kinasikika mpaka kwa jirani. Barua ataivusha Uledi, muuza vitenge, anayekwenda Kigoma Jumatatu. Nina jambo la kukuambia ambalo Mama halijui. Nimekubali kurudi Madagaska, miaka mitatu. Jumapili hii Pasta Zabroni atalitangaza kanisani, na Mama atalisikia akiwa amekaa kwenye benchi lake, pamoja na watu wengine wote.

Lakini nianze na kurudi kwangu. Nilifika tarehe tatu Mei, baada ya miaka miwili kamili. Kanisa limenipa miezi mitatu ya mapumziko: nisifundishe, nisiimbe kwaya, nisisimame mbele ya watu. Mama amelipokea neno hilo kama agizo la daktari. Nikishika ufagio, ananinyang'anya. Nikitaka kwenda kuteka maji, ndoo imefichwa. Chakula naletewa kwenye sahani ya maua, ile ya wageni, na naambiwa nile ndani, penye kivuli. Mama Mkubwa, mimi sijui kupumzika. Nakaa kwenye kiti mbele ya michikichi na kusikiliza wenzangu wakifanya kazi.

Watu wanakuja kunitazama. Mama Shadia, muuza ndagala wa sokoni Rumonge, alipanda mpaka huku na furushi la samaki kichwani. Hata hakukaa, akapaza sauti kwangu, kisha kwa Mama.

"Weye Anita! Ulienda kuhubiri ao ulienda kufunga? Yudita, mutoto iko mifupa tupu! Kule hakuna samaki?"

Nikamwambia samaki kule wako wengi.

"Basi ni wao walikukula weye," akasema, akaniachia ndagala za kunenepesha watu wanne.

Unajua ni kitu gani ninachokitamani? Utacheka. Kule nilikaa kwa mama mmoja mjane, jina lake Perline, katika kijiji cha pwani ya mashariki. Asubuhi aliuza karafuu, jioni alikuwa mwanafunzi wangu wa kusoma, kwenye kanisa ambalo kimbunga kiliondoka na paa lake Januari ya kwanza tu nilipofika. Wao hula wali asubuhi, mchana na jioni. Wakishapakua, huacha ukoko chini ya sufuria uungue, kisha humimina maji juu yake na kuyachemsha. Hayo ndiyo wanayokunywa, ya moto, rangi ya chai, yenye harufu ya moshi. Miezi ya mwanzo nilikunywa nikiwa nimebana pumzi. Sasa nayaota.

Wiki mbili zilizopita Mama alikwenda sokoni. Nikapika wali, nikauacha uungue, nikamimina maji. Harufu ilimpokea njiani.

"Anita! Sufuria!"

"Nimeunguza makusudi, Mama."

"Makusudi?" Akachungulia kikombe changu. "Yaani kule walikuwa wanakunywesha maji ya kuoshea vyombo?"

"Wanakunywa na wao, Mama. Ndicho kinywaji chao."

Akaonja. Akalamba midomo, kama mtu anayetafuta maneno ya heshima. "Mtumishi wa Mungu," akasema, "hiki ni kinywaji cha msibani."

Kaka Boaz alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka nao, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu hayakuwa na ladha ile. Labda ni mchele. Labda ni kuni. Nilimimina yaliyobaki kwenye mgomba.

Kitu kingine ni maji yenyewe. Kule bahari hupwa. Mara mbili kwa siku inaondoka na kuacha mawe na matope, wanawake wanaingia kutafuta pweza, na sisi tulipanga vipindi vya kusoma kufuata saa hizo. Sasa nikishuka ziwani najikuta nimesimama, nangoja maji yaondoke. Hayaondoki. Ziwa hili nalijua tangu nina miaka tisa, na nalitazama kama mtu aliyekosea anwani. Na ubaya ni kwamba nikiwa kule nilisimama vivyo hivyo, nikitamani hapa: ndagala zilizoanikwa kando ya barabara Gitaza, mikono ya Mama yenye rangi ya mawese ambayo haitoki kwa sabuni yoyote. Naogopa nimekuwa mtu wa kutamani ufuko wa pili daima. Nikiomba Mungu aniondolee hali hiyo, ndani yangu kuna mtu mwingine anayesema usiiondoe.

Sasa nikueleze kuhusu maombi. Unajua Mama huomba kila jioni kabla ya chakula, anataja watu kwa zamu. Jioni niliyofika tulipiga magoti sebuleni, mimi nikiwa kati yake na Kaka Boaz. Akamtaja Boaz, mke wake, watoto, wagonjwa wa kanisa. Kisha akasema, "Na Anita, Bwana, umlinde kule aliko."

Kaka Boaz alishindwa kujizuia. "Mama, huyo hapo! Unamkanyagia sketi!"

Tulicheka wote, Mama mwenyewe hakuweza kumaliza ile Amina. Mazoea ya miaka miwili, akasema. Jioni ya pili akarudia. Tukacheka tena. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, na kila jioni ni yale yale: umlinde Anita kule aliko. Kaka Boaz amechoka kumsahihisha. Mimi nimeacha kucheka. Nimepiga magoti pembeni yake, nasikia pumzi zake, na bado Mungu anaombwa anitafute mahali pengine. Siku hizi nadhani Mama hakosei. Labda anaona kwamba sijafika.

Ndiyo maana nakuandikia wewe na si mtu mwingine. Katika ukoo huu wewe peke yako ndiye uliyewahi kuamua kukaa mbali. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka siku ya malori yaliyoturudisha Burundi kutoka ukimbizini. Mizigo ya familia zote ilikuwa imepangwa uani, majina yakaitwa, sisi tukapanda. Ulikuja mpaka kwenye lori, ukamshika Mama mkono, na ndipo ukasema hupandi, kwamba kwenye fomu ulikuwa umeandika kubaki na kuchukua uraia wa Tanzania. Mimi nilikugeuzia mgongo. Uliniita mara mbili. Naomba unisamehe kwa mgongo ule. Tangu siku hiyo Mama hakutaji kwa jina katika maombi. Anasema tu "na walio mbali", anakwenda haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa nyumba aliyogombana nayo.

Kwa hiyo nina maswali, na hakuna mwingine wa kumwuliza. Ulijuaje kwamba ni kuitwa na si kukimbia? Unalala vizuri? Na ile kiu ya huku, ilikwisha, au ulijifunza tu kukaa nayo? Nimeogopa kumwambia Mama kwa sababu ataniangalia alivyokuangalia wewe. Nimejiambia ni afadhali alisikie kanisani, mbele za watu, ambako hawezi

Ijumaa asubuhi.

Mama Mkubwa, niliacha pale kwa sababu Mama aliingia. Alikuja kuchukua ungo nyuma ya mlango.

"Unaandika nini kirefu hivyo? Ripoti ya kanisa?"

"Barua, Mama. Ya Mama Mkubwa Zipora."

Nilidhani atatoka. Alikaa kitandani na ungo mapajani. Akauliza nimekuambia nini. Nikasema habari. Akauliza habari gani. Nikafunika karatasi kwa mkono. Ndipo akasema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu naamini hajawahi kukuambia.

"Watu wanadhani nilimkasirikia Zipora kwa sababu alibaki. Abaki! Mume wake amelala kule, shamba lake liko kule, angeliacha aje kufanya nini? Mimi nilikasirika kwa sababu siku tatu tulifunga magodoro pamoja. Mimi nashika kamba, yeye anakaza fundo. Tunacheka. Na alikuwa anajua. Siku tatu, Anita. Angenipa zile siku tatu ningelia nikamaliza, tukaagana kama watu. Nikalilia kwenye lori, wageni wananitazama."

Alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anatazama ungo. Nikaweka kalamu chini.

"Mama, Jumapili Pasta atasoma jina langu. Narudi Madagaska."

Hakushtuka. Aligeuza ungo, akaugonga kidogo kutoa vumbi.

"Miaka mingapi?"

"Mitatu. Kuanzia Septemba."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

Akahesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. "Basi na mimi nina siku tatu," akasema. Akatoka.

Alilia mchana kutwa. Alilia akimenya muhogo, akalia akisonga ugali, akajibu salamu za wapita njia huku analia, na mtu akimwuliza kuna nini anasema, "Mtoto anaondoka, hujambo lakini?" Sijawahi kuona mtu analia bila kujificha namna ile. Nilikaa karibu naye. Hakunifukuza na hakunibembeleza.

Leo kabla jua halijapanda alinivuta blanketi. Alikuwa amesimama na majembe mawili. "Inuka," akasema. "Mapumziko yamekwisha." Tumepalilia mihogo mpaka saa hizi. Nina malengelenge matatu na mgongo unaniuma, na nakuandikia nikiwa nimekaa chini, ukutani, nakula kwa mkono muhogo wa kuchoma kama mtu mwingine yeyote wa nyumba hii. Tulipokuwa shambani Mama aliuliza kule nitakakokwenda wanalima nini. Nikamweleza karafuu zinavyochumwa. Akauliza kama Perline anajua kupika kwa mawese. Nikasema hapana. "Utamfundisha," akasema, akaendelea kulima.

Kiu sijapona, Mama Mkubwa, na maswali yangu yote yako palepale, usidhani nimeyafuta. Lakini nimelala vizuri.

Nisalimie Binamu Ndayisaba na mke wake, na Mama Sikujua wa ng'ambo ya kisima kama bado yupo. Kaka Boaz anakuamkia, na yule mdogo mwenye paji lako, ingawa hajajua kusema, nimemshikisha karatasi hii kwa sekunde moja. Bwana akutunzie pumzi na mavuno, na akufungulie njia zote mbili, ya kukaa na ya kuja.

Mimi mwanao wa upande huu wa ziwa, akupendaye,
Anita

Zipora, barua ya mtoto sijaisoma, ameniachia nafasi hii tu. Mimi ni mzima, nimenenepa. Ukijibu, nijibu mimi, siyo yeye.
Mdogo wako, Yudita