Gitaa la Meza ya Mama

S.L.P. 214,
Crescent City, Florida.
9 Machi 1997

Mpendwa ndugu yangu Alvester,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Rochester, na theluji imeshakuachia mlango? Corrine hajambo? Goti lake je, linamruhusu kupanda ngazi? Sisi huku tu wazima kwa kiasi, isipokuwa Mama. Ndiye aliyenifanya nishike kalamu, mimi nisiyeandika hata kadi ya Krismasi.

Shangazi yako anaondoka, Alvester. Sitaki kukuzungusha. Ini limekwisha na daktari anahesabu wiki. Tangu Jumatatu hali kitu ila vijiko viwili vya uji wa mahindi, tena kwa kubembelezwa na mke wangu Ozie.

Anataka jambo moja tu. Unajua alivyokuwa kanisani: akisimama kutoa ushuhuda, anaanza kuuguna ule wimbo wake, na gitaa la marehemu Baba, lile la kulazwa kama meza na kukanyagwa pedali, linamjibu neno kwa neno mpaka watu wanaacha viti. Anataka ajibiwe hivyo mara moja tena, angali na sauti ya kuguna. Nilimwambia tutampigia siku ya mazishi, kanisa zima. Akanikata jicho. "Siku hiyo ntasikia kwa masikio ya nani, Lemuel?"

Habari ya gitaa la Baba unaijua. Uliniambia nilipandishe darini kimbunga hakijafika, nami nikasema nitalipandisha kesho. Maji yakalikuta sakafuni. Siku ile uliapa hutagusa gitaa tena maishani, ukapanda basi, na sasa ni mwaka wa sita. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nimejilaumu vya kutosha.

Basi nikaamua kutengeneza jingine. Usicheke. Fundi wa mabasi ya shule, ambaye Baba alimfukuza kwenye mafunzo kwa kukosa masikio akabaki kukufundisha wewe, ndiye mimi huyu gerejini akikata bawaba za mlango ziwe za kuvutia nyuzi, na kunyoosha spoki za baiskeli ziwe fito za kuunganisha nyuzi na pedali. Sijawahi kuunda hata zumari. Vidole vyangu vyote vina plasta.

Mwili wa gitaa niliuchonga kwa benchi la kanisa la zamani, lile Mama alilokalia miaka arobaini. Niliona hakuna mbao iliyomsikia zaidi ya ile. Mchungaji Hosea aliipaka mafuta, tukaiwekea mikono, tukaomba mpaka jasho likatutoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama msonobari unaweza kubeba nyuzi kumi zilizokazwa. Hauwezi. Nikikanyaga pedali ili uzi mmoja upande, ubao unapinda na zile tisa zilizobaki zinashuka. Nikafunga chuma kwa chini, nikakaza, nikakaza tena. Mama akaita kutoka chumbani: "We Lemuel! Hilo gitaa au paka kabanwa na mlango?"

Nililia, ndugu yangu. Mtu mzima mwenye wajukuu, nilikaa chini kwenye gereji nikalia.

Ozie ndiye aliyesema tuikate meza ya jikoni, ile nzito ambayo kuihamisha ni kazi ya watu wanne. Sasa tunakula kambare na sahani mapajani, lakini mbao ile haipindi. Ukikanyaga, uzi unapanda na wenzake wametulia kabisa. Gitaa limekubali, Alvester! Nililikagua wiki nzima nikitafuta kasoro, nisiione.

Kasoro ni mimi. Jana nililipeleka chumbani. Mama akaguna mstari wa kwanza, nami nikaburuza kipande cha chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi kumjibu, ikatoka kelele tupu. Akaguna tena, taratibu, kama anamfundisha mtoto kusema. Nikakosea tena. Mara ya tatu akanishika mkono akasema, "Basi, mwanangu, pumzika." Afadhali angenitukana.

Akaomba alipapase. Nikamlazia gitaa miguuni, mkono wake ukazunguka mpaka chini, nami nikashtuka, maana najua kilichoko kule. Nililiona siku nilipoipindua ile meza: jina lako, herufi zote, ulilolichonga kwa kisu tukiwa na miaka tisa. Unakumbuka? Mama alikuta unga wa mbao sakafuni na kisu mfukoni mwangu, ulimokitia wewe. Hakuinama kutazama chini ya meza. Nilichapwa mpaka nikala nimesimama siku mbili, na sikukutaja.

Kidole chake kilipita herufi moja, kikarudi, kikaenda nyingine. Nikamwona anasoma. Alipofika mwisho akanigeukia.

"Kumbe," akasema. "Na ukanyamaza miaka yote hii?"

Akacheka, kicheko ambacho hatujakisikia tangu Noeli, mpaka Ozie akaja mbio. Kisha akaniambia nikuandikie bila kukawia.

Sijui kama barua hii itakufikia yeye angali hai. Kuguna kwake kunafifia. Leo asubuhi niliinama mdomoni mwake ndipo nikausikia wimbo. Ulikula kiapo kwa kosa langu, basi ukikivunja, dhambi hiyo iandikwe juu yangu. Naomba, Alvester. Sina mwingine wa kumwomba. Kiti nimekiweka mbele ya gitaa na hakuna anayekikalia.

Ozie anakusalimu sana, na Mchungaji Hosea pia. Mpe Corrine pole ya goti. Mungu akushike mkono njiani, akufikishe mapema.

Mama amesema uje uchapwe kwanza, ndipo umjibu wimbo wake. Fimbo utaikata mwenyewe, kama zamani. Mti bado upo uani.

Nduguyo akupendaye, hata baada ya kile kisu,

Lemuel