Jumba la Mzungu wa Sabuni

Koko, nyanya yangu mpendwa,

Sijawahi ambia mtu hii: nataka kusomea kuchora nyumba, si unesi anaotaka Baba. Leo shule ilitupeleka Kajiado kuona jumba la mzungu wa kiwanda cha sabuni. Aliliiga la babake Uingereza, la enzi za Malkia Victoria: matofali mekundu, vioo vya rangi, mabomba ya moshi kila pembe.

"Mkewe alijenga sehemu gani?" nikauliza.

"Alichagua mapazia tu," akacheka aliyetutembeza.

"Kwetu wamama ndio hujenga," nikamjibu. " Angejenga yeye, jiko halingekuwa mbali hivi, chakula inafika mezani baridi!"

Mimi, Koko, mbele ya darasa!

Taa za bweni zimezimwa, viatu vya mwalimu viko mlangoni, na kadi hii ninayokuandikia siifichi. Mvua ikukute umemaliza paa la nyumba unayojenga. Baba, unayemsomea Koko, soma yote kwa sauti, hata hiyo ya unesi.